Ng'ombe Mwenye Kiraka Begani

Kama kuna kitu Bupe alikichukia katika kazi yake, ni utafiti unaolala kabatini. Alikuwa ameshawaambia wenzake chuoni mpaka wakamchoka: mnakwenda kwa watu, mnakula viazi vyao, mnawamaliza kwa maswali, halafu mnarudi mjini mnaandika kwa Kiingereza mambo ambayo wenyewe hawatayaona mpaka wanaingia kaburini. Yeye hakutaka kuwa mhadhiri wa namna hiyo. Ndiyo maana siku ile ya mrejesho, kwenye uwanja wa ofisi ya kata pale Susuni, chini ya turubai la bluu, alisimama mbele ya watu akiwa na furaha kama ya bibi harusi.

Na harusi yenyewe ilikuwa njiani. Aliyesimama pembeni yake na kipaza sauti cha pili alikuwa Nelson Kisyeri, afisa mifugo wa kata ya Gorong'a, mzaliwa wa hapohapo Susuni, mrefu, mpole, mwenye sauti iliyomfanya Bupe asahau sentensi iliyokuwa inafuata. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kutafsiri kwa Kikurya kwa ajili ya wazee. Bupe, Mnyakyusa wa Tukuyu, Kikurya chake kilikuwa cha salamu tu. Kila alipomaliza maneno yake alimgeukia Nelson, na kila alipomgeukia, macho yao yalikaa pamoja zaidi ya ilivyohitajika. Wanawake wa mbele wakawa wanafinyana.

"Tafsiri, mura, acha kumtazama mchumba!" mzee Simioni alitania. Uwanja mzima ukacheka, na Nelson akainamisha kichwa kwa aibu tamu.

Mstari wa mbele kabisa alikaa Bibi Veronika, fimbo yake mapajani, na kando yake Elieth, mama mzazi wa Nelson. Bibi Veronika hakujaliwa mtoto wa kiume. Mumewe Kisyeri alipofariki, alifanya kama desturi inavyoruhusu: alitoa ng'ombe, akamwoa Elieth, binti mbichi kutoka Nyansurura, ili azae watoto wa nyumba ile. Nyumba ntobhu, ndivyo ndoa hiyo inavyoitwa. Watoto wakabeba jina la Kisyeri, wakamwita Veronika bibi, na wanawake wale wawili wakazeeka kwenye boma moja. Ni ndoa hizo ndizo Bupe alizokuja kuzitafiti, akaondoka na madaftari na moyo wa Nelson.

Ukoo ulipomkataa Bupe, wakisema hawawezi kumpelekea ng'ombe mtu wa mbali wasiyejua hata anavyolia msibani, ni Bibi Veronika aliyewanyamazisha. "Elieth naye alitoka mbali," alisema, "na tangu nizaliwe hakuna aliyenipenda kama yeye." Akaingia zizini mwenyewe na fimbo yake, akachagua ng'ombe wa kupelekwa Tukuyu. Wa kwanza kumgusa alikuwa mtamba mwekundu ambaye hajawahi kuzaa, mwenye kiraka cheupe begani.

Jioni ya kabla ya mkutano Nelson alikuwa ameomba. "Nipe nisome hayo unayokwenda kusema, nisije nikakwama mbele za watu."

"Sikupi," Bupe alimjibu huku akificha karatasi nyuma ya mgongo. "Utayasikia palepale. Nataka nikuone machozi yakikutoka."

Sasa saa ilikuwa imefika. Bupe alifungua ukurasa alioupenda kuliko yote.

"Niwasimulie habari za mama mmoja," alisema. "Nitamwita Mama Tabu. Anaishi mbali na hapa. Siku mahari yake ilipokuwa inatolewa, ng'ombe mmoja mwekundu mwenye kiraka cheupe begani alifika kwenye lango la zizi, akakaa chini. Walimpiga, wakamvuta mkia, hakunyanyuka. Mwishoni wakabadilisha, wakapeleka mwingine."

Hapo ndipo maprofesa chuoni walipokuwa wanacheka kila aliposoma. Susuni hakucheka mtu. Nelson alitafsiri polepole, halafu akamtazama Bupe kwa macho ambayo Bupe hakuwahi kuyaona. Alidhani ameguswa. Maskini, akaongeza sauti.

"Mama Tabu aliniambia hivi: 'Nimelima, nimepika, nimezaa. Lakini kila asubuhi nikimpelekea yule bibi aliyenioa uji, naomba Mungu nimkute amekufa, na mimi niende nyumbani.'"

Kipaza sauti cha Nelson hakikutoa neno. Turubai lilipigwa na upepo. Nyuma kule akina mama waliojua Kiswahili walikuwa wameshaziba midomo kwa vitenge vyao.

"Nelson," Bibi Veronika aliita. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kununua chumvi na kuuza mtama, lakini alikuwa amenasa kitu. "Sema yote."

Angeweza kudanganya. Lakini nusu ya uwanja walikuwa wameshasikia, na bibi angeyapata njiani, tena yakiwa yamekolezwa. Nelson akasema yote, kwa Kikurya, kwa sauti iliyokauka, bila kumtazama mama yake. Elieth alijifunika kitenge usoni akawa hatikisiki.

Bibi Veronika alisimama. Akasema maneno machache, kwa sauti ya chini, si kwa mtu yeyote hasa. Kisha akashika njia ya nyumbani na fimbo yake, na watu wakampisha.

"Amesema nini?" Bupe alinong'ona. "Nelson, bibi amesema nini?"

Nelson aliweka kipaza sauti mezani, taratibu, kana kwamba kingevunjika. Akamfuata bibi yake.

Aliyemwambia ukweli ni Editha, afisa maendeleo ya jamii, mwenyeji wa Bukoba, ambaye nyumbani kwake ndiko Bupe alikofikia.

"Dada, yule ng'ombe ni wa kwao," Editha alisema, uso umempauka. "Aliyekaa langoni. Mimi nimehamishiwa hapa na wiki ya kwanza tu nilishasimuliwa. Uzao wake mpaka leo uko kwenye zizi la Bibi Veronika, na kila mmoja ana kiraka. Ulitaka watu wasijue vipi?"

"Nilibadilisha jina! Nilibadilisha kijiji, nikabadilisha na idadi ya watoto. Kila kitu nilibadilisha!"

"Ukamwacha ng'ombe."

Ukamwacha ng'ombe. Bupe alikulia kwenye migomba na chai, na kwake ng'ombe alikuwa ng'ombe. Hapa ng'ombe wa mahari anajulikana kama mtu anavyojulikana: katoka zizi gani, kaenda kwa nani, kwa ajili ya binti yupi. Alikuwa amemficha Elieth kwa ustadi wote aliofundishwa, halafu akamtaja mbele ya Susuni nzima.

Kesho yake asubuhi Editha alimzuia mlangoni. "Usiende leo. Waache wapoe."

"Nikikaa hapa nitapasuka," Bupe alisema, akatoka hata chai hajanywa.

Boma lilikuwa kimya. Elieth alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda mbele ya moto uliozimika, na kando yake kikombe kikubwa cha uji kimeshika utando juu. Bupe alipiga magoti pale mlangoni.

"Shikamoo mama."

Elieth aliitikia bila kugeuka. "Marahaba. Ingia, moshi umeisha."

"Mama, nisamehe. Sikujua. Naapa sikujua kama watakutambua."

"Uliniambia yanakwenda chuoni." Elieth hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha. "Nilikuuliza, mwanangu, maneno haya yanakwenda wapi? Ukasema chuoni. Nikajisemea, kule hakuna anayenijua, ngoja nitue mzigo. Mimi nilikuwa nayapeleka mbali. Wewe umeyarudisha nyumbani kwa kipaza sauti."

"Nilidhani ni haki yenu kusikia tulichokipata."

"Mlichokipata?" Elieth aligeuka, macho mekundu. "Unakumbuka ulinikuta lini? Nilikuwa nimetoka kumzika Nashoni, kitinda mimba wangu. Siku ile ningeomba hata jua life. Bibi alikuwa amenikataza kulia mbele za watu, nikamchukia siku nzima kwa moyo wote. Ukaja wewe na kalamu. Niliyasema kwa uchungu wa siku moja, wewe ukayafanya kuwa maisha yangu yote."

Bupe alikumbuka vizuri siku ile. Alikumbuka hata furaha aliyoipata moyoni aliposikia sentensi ile, furaha ya mtu aliyeokota kitu cha thamani barabarani. Alikuwa ameiandika na kuipigia mstari.

"Umemwambia bibi hivyo?"

"Tangu jana namwambia. Nikimpelekea uji ananitazama usoni, halafu anaweka chini." Alikisogeza kikombe kwa kidole. "Yule mama amenilea, Bupe. Nilikuja hapa sijui hata kusonga ugali wa muhogo. Homa ikinishika alilala chini ili mimi nilale kitandani. Na mimi nampenda. Hilo hukuliandika?"

Hakuwa ameliandika. Elieth alikuwa amelisema siku nyingine, wakipukuchua mahindi, na Bupe aliona ni maneno ya kawaida tu.

Nje ilisikika milio ya ng'ombe. Bupe alitoka na kumwona Nelson zizini, gumboti miguuni, akiwatenga ng'ombe mmoja mmoja. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala. Moyo wa Bupe ulimruka vilevile kama siku zote, na kwa mara ya kwanza akauonea aibu.

"Nelson."

"Ungenipa nisome."

"Nilitaka iwe zawadi kwako."

"Ungenipa nisome, Bupe. Juzi jioni tu. Ningekwambia mtoe ng'ombe, mambo yangeisha." Alimsukuma ng'ombe mwingine pembeni. "Nimemtukana bibi yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa lugha aliyonifundisha yeye."

"Niruhusu niongee naye. Nitampigia magoti. Unitafsirie tu."

"Sitatafsiri tena."

Basi Bupe akaenda peke yake. Bibi Veronika alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba yake, anatazama zizi. Bupe alipiga magoti kwenye vumbi, akamshika miguu.

"Shikamoo bibi. Kosa ni langu. Mama hakukosa, mimi ndiye nimekosa."

"Marahaba, mkamwana," bibi alisema, na neno lile la mkwe likamchoma Bupe kuliko tusi. Alizungumza Kiswahili chake cha sokoni, akitafuta neno, akilikosa, akirudi. "Wewe hapana kosa. Wewe umebeba tu. Maneno ni yake."

"Aliyasema kwa ajili ya msiba, bibi. Anakupenda. Muulize!"

"Nimeuliza. Anasema napenda." Mzee alitikisa kichwa. "Na jana angesema napenda. Na juzi. Sasa mimi nitajua vipi?"

Bupe aliendelea kuishika miguu ile. Alikuwa na shahada tatu, na hakuna hata moja iliyomfundisha hilo.

"Nimemwachia," bibi aliendelea. "Aende kwao Nyansurura. Kaka yake yupo. Ng'ombe nimempa, asiende mikono mitupu kama mtu aliyefukuzwa. Ng'ombe wa zamani sidai. Aende."

"Lakini hataki kwenda!"

"Alitaka. Aliomba Mungu kila asubuhi, na mimi sifi." Bibi alimpapasa Bupe kichwani, mkono mkavu, mwepesi. "Namsaidia."

Bupe aliinuka akiwa haoni vizuri kwa machozi. Alirudi mpaka kwenye uzio wa zizi, na hapo ndipo alipotambua ng'ombe waliotengwa ni wepi. Mtamba mwekundu mwenye kiraka begani alikuwa mbele yao.

"Hawa si..."

"Ni wako," Nelson alisema. "Ni walewale waliokuwa waende Tukuyu. Hana wengine wa kutoa."

"Sihitaji ng'ombe! Baba yangu hatauliza ng'ombe, nitaongea naye mimi. Nelson, nitazame. Tunaweza kuoana bila hao."

Alimtazama. Na katika kumtazama kule Bupe aliona kila kitu bado kipo, mapenzi yote, hayajapungua hata punje, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Kama angeona chuki angejua pa kuanzia.

"Nikikuleta hapa," Nelson alisema taratibu, "mama akiwa ameondoka, nani atampelekea bibi uji?"

"Mimi."

"Wewe. Na kila ukimpa kikombe atakutazama usoni ajue unaomba nini."

"Basi tuhame. Tukaishi Gorong'a, au mjini."

"Nimwache peke yake? Amebakiwa na mimi tu."

"Basi nitakungoja," Bupe alisema, akamshika mkono juu ya uzio. "Sina haraka. Nitakungoja hata miaka."

Nelson aliutazama ule mkono. Hakuuondoa mara moja. Alikipitisha kidole gumba juu ya vidole vyake, kama alivyozoea kufanya wakiwa wamekaa wawili, kisha akautoa wake.

"Utangoja nini, Bupe?"

"Mambo yatulie."

"Yatatulia lini? Sema." Macho ya Bupe yalikwenda mlangoni kwa bibi. "Unaona? Utakuwa unangoja bibi afe. Na mimi nitakuwa nangoja nawe, kila asubuhi, huku nampelekea uji. Siwezi."

Bupe alilia pale kwenye uzio bila kujificha. Nelson alisimama upande wa pili akiwa ameshika fito, na hakuna aliyemgusa mwenzake.

"Niambie basi jana alisema nini," Bupe aliomba baadaye. "Pale alipoinuka. Niambie tu, nitaondoka."

Nelson alitazama kule mlangoni alikokaa bibi yake.

"Unajua alivyokuwa anaisimulia habari ya yule ng'ombe? Alisema ng'ombe alikaa langoni kwa sababu alimpenda yeye bibi, hakutaka kumwacha. Alisema ndipo alipojua nyumba yake itakuwa na baraka. Tumekua tukisimuliwa hivyo. Jana alisema: 'Kumbe ng'ombe alijua. Mimi ndiye sikujua.'"

Kutoka barabara kuu ilisikika honi ya lori lililokuwa linamsubiri Elieth na ng'ombe wake. Elieth alitoka jikoni na furushi moja kichwani. Alikwenda mpaka mbele ya Bibi Veronika, akapiga magoti, akaweka chini kile kikombe cha uji, akangoja. Bibi hakukigusa. Alikuwa anatazama mbele tu. Elieth akainuka, akaja kusimama langoni.

Nelson alifungua zizi. Ng'ombe wakaanza kutoka, na mbele yao yule mtamba, kiraka cheupe kikiwaka juani. Alipofika langoni, palepale alipokaa yule wa zamani, akasimama. Akanusa ardhi.

Elieth alikuwa ameshika nguzo ya lango kwa mikono miwili. Nelson alishusha fimbo yake. Bibi Veronika kule mlangoni alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye kiti, na Bupe, ambaye hakuwa mtu wa kuomba ovyo, aliomba kwa nguvu zake zote. Kaa. Kaa chini, tafadhali. Kaa.

Mtamba akatikisa masikio kufukuza inzi. Akapita, akaenda zake.